Jina la Sita

Jumatatu tarehe 14 Machi 1977, saa moja na robo asubuhi, boti ya doria namba mbili iliondoka kwenye gati la kikosi, Musoma. Daftari la mahudhurio linaonyesha kwamba ilibeba watu sita. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa ufukweni waliona watano. Ziwa lilikuwa limetulia na mvua ilikuwa haijaanza.

Aliyeshika daftari lile ni Sajini Silasi, shemeji yangu, mume wa dada yangu Penina. Niliyoyaandika hapa nimeyapata kwa Clementi na Apolinary, waliokuwa botini siku ile. Niliwahoji kwa nyakati tofauti na maelezo yao yanalingana. Yaliyotokea baadaye, sehemu nimeyaona mwenyewe.

Kikosi kilikuwa na boti tatu. Zililetwa miaka michache baada ya Uhuru, zikiwa zimeshazeeka katika maji ya wengine. Kufikia mwaka 1976 namba moja ilikuwa imeng'olewa injini ili namba mbili ipate vipuri. Namba tatu ilikuwa imekaa kwenye matope, na konokono walikuwa wamepanda hadi kwenye usukani. Iliyotembea ni namba mbili peke yake.

Palikuwa na sheria mbili. Boti haitoki na watu pungufu ya sita. Boti isiyotoka siku thelathini mfululizo inafutwa, na kikosi kinafungwa. Kila mwaka mkuu wa kikosi, Afande Felisiani, aliandika barua kuomba boti mpya na watu wa kutosha. Kila mwaka alijibiwa kwamba boti zimo katika mpango, na watu watafuata boti.

Felisiani hakuwa mtu mbaya. Mwaka 1974 boti ililala gatini wiki tatu kwa kukosa pampu. Katika wiki ya tatu majambazi wa ziwani waliingia kambi ya wavuvi ya Rukuba, wakachukua nyavu na kuua watu wanne. Felisiani ndiye aliyeipakia ile miili. Tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja tu kichwani: boti itoke.

Jumanne tarehe 23 Novemba 1976, karibu na Rukuba, fundi wa mashine aliyeitwa Magesa alipanda juu kupunga upepo, akateleza, akaanguka majini. Walimtafuta hadi jua likazama, na siku mbili zilizofuata. Hakuonekana.

Magesa alikuwa mtu wa Suguti, mcheshi, aliyekaa zaidi chini na injini kuliko juu na watu. Kutoka chumba cha usukani hadi chumba cha mashine palikuwa na bomba la shaba la kupitishia sauti. Nahodha anasema juu, fundi anasikia chini. Magesa alipoitwa, kwanza aligonga bomba kwa spana mara tatu. Kisha alijibu kwa namna yake: "Nipo, na mashine ipo." Wengine wote walijibu "nipo" tu. Walimtania kwamba siku ya kiyama ataitwa na malaika naye atajibu hivyohivyo.

Siku ya nne mama yake alifika gatini. Aliitwa Wankyo. Alitembea kutoka Suguti na mdogo wake, na kwenye kikapu walibeba tunda la mwegea lililofungwa kitenge. Ni tunda refu, gumu, linalokaribia urefu wa mkono wa mtu. Watu wa ufukweni kule wana desturi yake. Aliyezama asipopatikana, ndugu huja na tunda hilo mahali alipoonekana mara ya mwisho, humwambia kazi yake imekwisha, kisha hurudi nyumbani na kulizika kaburini kama yeye. Hadi hapo jina lake halitamkwi karibu na maji.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," alimwambia Felisiani. "Nyie mnifanyie jambo moja. Mumfute kazini."

Felisiani alimpa kiti. Akamweleza kwamba akimfuta Magesa watabaki watano, na boti itafungwa. Alimwambia habari za Rukuba. Akamwomba asubiri watu wapya waje.

"Wanakuja lini, baba?"

"Wamo katika mpango, mama."

Wankyo alimgeukia Silasi, aliyekuwa amesimama mlangoni na daftari. "Wewe ndiye unaitaga majina?"

"Ndiyo, mama."

"Kwenu wapi?"

"Bunda."

"Ndiyo maana. Nyie watu wa pamba, maji mnayajua ya kunyweshea ng'ombe." Hakucheka. "Sikiliza, mwanangu. Mtu wa majini haitwi. Ukimwita, ataona bado ana zamu. Na mwenye zamu haondoki mpaka apokewe."

Silasi aliniambia maneno hayo nyumbani kwake juma hilohilo, akila ugali na samaki ningu wa kuchoma. Aliona ni uchungu wa mzazi. Wankyo alirudi Suguti na tunda lake.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Silasi alisoma orodha gatini kama kawaida. Felisiani. Apolinary. Alfonce. Clementi. Kisha akasoma, "Magesa." Sheria ilitaka kila jina liitwe na kuitikiwa kwa sauti, ndipo alama iwekwe. Silasi aliinamisha kichwa kwenye daftari na kujibu mwenyewe, "Nipo." Akaweka alama. Akamalizia na jina lake.

Alfonce alisema, "Sajini, leo umebatizwa mara mbili, una majina mawili." Wakacheka, wakapanda botini.

Ikawa hivyo Desemba yote. Aliita, akaitika. Baada ya wiki chache hakuna aliyecheka wala kugeuka. Penina aliniambia kwamba mumewe alianza kusema usingizini. Alisema neno moja tu.

Januari Clementi, aliyeshika kazi ya ufundi, alimfuata Felisiani na malalamiko ya ajabu. Injini ilikuwa haiharibiki. Injini ile ilikuwa na miaka ishirini na tatu. Ilivuja kila kiungo, na Magesa aliihudumia kila siku ili itembee nusu siku. Sasa Clementi alikuta kopo la mafuta limejaa, bolti zimekazwa, matambara yamefuliwa na kuanikwa juu ya bomba.

"Sasa unalalamika nini?" Felisiani alimwuliza. "Nani anaitunza?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, afande."

"Fundi ni wewe."

"Mimi sijaigusa tangu Krismasi."

Felisiani alisogea karibu naye. Kisha akamwambia asiseme kwa watu.

Jumatano tarehe 9 Februari Silasi aliamka na mafua, sauti imekauka. Gatini alisoma majina kwa shida. Alipofika la tano alilitamka, akafungua mdomo ili aitikie, akabanwa na kikohozi. Akainama. Watu wote watano walikuwa wamesimama kwenye mstari, juu ya mbao za gati, kukiwa kumeshapambazuka. Boti ilikuwa imefungwa nyuma yao na haina mtu.

Vikasikika vishindo vitatu, chuma juu ya shaba.

"Nipo, na mashine ipo."

Sauti ilitoka kwenye mdomo wa bomba, chumba cha usukani, dirisha likiwa wazi. Clementi anasema haikuwa sauti ya mtu mwenye hasira wala mwenye huzuni. Ilikuwa ya mtu aliye kazini.

Hakuna aliyesogea. Silasi alimtazama mkuu wake. Felisiani alikuwa ametazama mbele, na jasho lilikuwa linamshuka shingoni.

"Weka alama," alisema.

Silasi akaweka.

Tangu siku hiyo hakulazimika kuitikia tena.

Alimwomba Felisiani mara tatu amfute Magesa. Mara ya kwanza na ya pili alijibiwa asubiri. Mara ya tatu Felisiani alimwambia, kwa sauti ya chini, "Silasi, nina watu wanne wanaotaka kuhama na mmoja anayefanya kazi. Unataka nimfute huyo mmoja?"

Jumamosi tarehe 12 Machi Silasi alipanda lori la pamba hadi njia panda, akatembea hadi Suguti kwa Wankyo. Alimkuta amelala, amekonda. Kijiji chao cha ujamaa kilikuwa kimewapimia wote viwanja sawa, na nyuma ya nyumba yake kaburi lilikuwa limechimbwa tangu Novemba na kufunikwa kwa matawi. Tunda lilikuwa uvunguni mwa kitanda. Halikuwa limeoza.

"Jumatatu simwiti tena, mama," Silasi alimwambia. "Nitaliruka jina. Wakinifunga wanifunge."

"Usiliruke," Wankyo alisema. "Mwambie amepumzishwa. Ukimruka tu, atauliza."

Silasi alirudi Musoma na kumsimulia Penina yote. Hilo la mwisho hakulipa uzito.

Jumatatu gatini alisoma orodha nzima, jina la tano likiwemo, kwa sababu Felisiani alikuwa amesimama begani mwake. Vishindo vitatu vikaja, jibu likaja, alama ikawekwa. Wakatoka. Alipanga kuliruka mara ya kwanza majina yatakaposomwa majini. Doria ilikuwa na utaratibu kwamba boti ikipoteza kuona, kwa mvua au ukungu, majina yanasomwa, ijulikane hakuna aliyeanguka.

Saa tano, maili moja kutoka Rukuba, waliona moshi mweusi umesimama juu ya maji. Watu wa ziwani wanaujua. Si moshi. Ni wadudu wadogo, mamilioni, wanaoinuka majini na kupaa kama nguzo. Upepo uliwasukumia botini. Ndani ya dakika mbili mchana ulizimika. Waliingia puani, masikioni, kooni. Wakiingia kwenye injini wanaiziba, kwa hiyo Clementi alipanda juu na magunia kufunika matundu ya hewa. Apolinary alishika usukani na kufunga macho.

Chumba cha mashine kilibaki bila mtu.

"Soma majina," Felisiani aliagiza.

Silasi alisimama karibu na bomba la sauti. Alisoma bila kutazama daftari.

"Felisiani."

"Nipo."

"Apolinary."

"Nipo."

"Alfonce."

"Nipo."

"Clementi."

"Nipo. Niko juu, kwenye magunia."

Silasi akaliruka la tano. Kisha akasema, "Silasi, nipo. Mwisho wa orodha."

Injini ilipunguza mwendo. Hakuna aliyeipunguza.

Gonga. Gonga. Gonga.

"Sajini," bomba lilisema. "Umeniruka."

Apolinary alikuwa umbali wa hatua moja. Anasema alimsikia Silasi akipumua.

"Sajini. Jina langu halipo?"



"Kama halipo, nani ananipokea?"

Apolinary anasema alitaka kumziba Silasi mdomo, lakini hakuona mkono wake mwenyewe. Anaamini Silasi hakukusudia. Siku sabini na zaidi alikuwa amelijibu jina lile kila asubuhi, kabla ya kufikiri. Bomba liliuliza nani ampokee Magesa, na mdomo wa Silasi ulifanya ulichozoea.

"Nipo," Silasi alisema.

Injini ikarudi katika mwendo wake.

Wadudu walipita. Jua likarudi. Sitaha yote ilikuwa nyeusi kwa wadudu waliokufa, kama imetandikwa majani ya chai. Palikuwa na nyayo za Clementi na nyayo za Alfonce. Mahali alipokuwa amesimama Silasi, daftari lilikuwa chini, kavu, limefunguliwa kwenye ukurasa wa siku hiyo. Kutoka hapo nyayo zilikwenda hadi kwenye mlango wa chumba cha mashine. Zilikuwa za watu wawili. Mmoja ameingia. Mmoja ametoka, miguu mitupu, akielekea kwenye ukingo wa boti.

Clementi alishuka na tochi. Hakukuta mtu. Injini ilikuwa inaunguruma vizuri.

Alhamisi tarehe 17 Machi mwili wa Magesa ulikutwa ufukweni Suguti, umevaa ovaroli ya kazi. Alikuwa amezama siku mia moja na kumi na nne kabla. Tabibu wa zahanati aliandika kwamba kifo hakijazidi siku tatu. Chini ya kucha zake alikuta grisi mpya. Karatasi hiyo niliisoma. Wankyo alimzika mwanawe siku hiyohiyo katika lile kaburi la Novemba.

Safari hii mwili ulikuwepo, na katibu wa kijiji alikuwa amekwisha kuandika taarifa, hivyo Felisiani alijaza fomu ya kifo cha Magesa. Baada ya wiki mbili makao makuu walileta fundi mpya, kijana aliyeitwa Bernado. Alikuwa mbadala wa kwanza kuletwa katika miaka tisa. Wiki mbili. Clementi anasema Felisiani aliisoma barua ya Bernado mara kadhaa, akakaa juu ya gati, na hakula mchana huo.

Lakini Silasi hakupatikana, na hai walikuwa watano.

Wankyo alikuja Musoma mwezi Aprili akiegemea fimbo. Hakwenda kikosini. Alikuja nyumbani kwa Penina. Alitua kikapu sakafuni, akafungua kitenge. Tunda lilikuwa vilevile, bichi.

"Mwanangu, hili halikunifaa," alimwambia dada yangu. "Wa kwangu alirudi mwenyewe. Sasa ni la kwako."

Ndugu za Silasi wa Bunda walilikataa. Walisema kwao huzikwa mtu, na mwegea ni mti wa kuwapa mbuzi kivuli tu. Penina hakubishana nao. Alilifunga, tukaenda naye kwa Felisiani. Tulifika saa kumi na mbili na nusu, na tuliwakuta kwenye mstari. Alfonce ndiye aliyesoma orodha. Majina matano yaliitikiwa. Kisha akasoma la sita.

"Silasi."

Bomba liligongwa mara tatu.

"Nipo, na mashine ipo."

Ilikuwa sauti iliyokauka, ya mtu mwenye mafua. Penina alinishika mkono. Nilitazama saa, kwa mazoea. Ilikuwa kumi na mbili na dakika arobaini na moja.

Dada yangu alikwenda hadi ukingo wa gati. "Baba Boke," aliita, kwa jina la mtoto wao. "Rudi nyumbani."

Hakujibiwa. Hilo halikuwa jina lililokuwa kwenye orodha.

Felisiani alimkaribisha ofisini, akampa kiti kilekile. "Mama Boke, safari hii nimeandika," alisema. Alitutolea nakala. Alikuwa ameomba Silasi afutwe. Jibu lilikuwa limebandikwa nyuma: bila mwili hakuna kifo, boti mpya zimo katika mpango, orodha ibaki kama ilivyo.

"Mumwambie basi amepumzishwa," Penina alisema. "Mdomo tu. Mama Wankyo anasema inatosha."

"Siwezi kumpumzisha mtu aliye kwenye orodha," Felisiani alisema. "Siku wakifunga kikosi nitamwambia mwenyewe. Nakuahidi."

Dada yangu alisubiri mwaka mmoja na miezi minne. Tunda lilikaa chini ya kitanda chake. Boti ilitoka kila siku iliyotakiwa kutoka, na Rukuba haikuvamiwa tena.

Agosti 1978 boti namba mbili ilifutwa. Maji yalikuwa yanaingia kwa chini haraka kuliko yanavyoweza kutolewa. Iliburutwa ikawekwa kwenye matope kando ya namba tatu, na injini ikang'olewa na kupakiwa kwenye lori. Jumanne tarehe 22 Penina alifika na kikapu. Felisiani alivaa sare kamili. Alikuwa ameshika karatasi aliyoandika maneno ya kumpumzisha Silasi, asije akayakosea.

Kabla hajapanda botini, barua ya makao makuu ilifika. Ilikuwa orodha ya uhamisho. Watano walipangiwa vituo. Aya ya mwisho ilisema hivi: Sajini Silasi atabaki kulinda boti na mali za kikosi hadi mbadala wake atakapowasili. Ilimalizia, "Wako katika ujenzi wa Taifa." Iliambatana na nakala ya kusainiwa na kila mhusika na kurudishwa.

Felisiani aliisoma, akamtazama Penina, akaikunja ile karatasi yake na kuitia mfukoni. Alisema yeye si mkuu wa kikosi tena. Amri imeshatoka juu.

Clementi aliweka nakala ya Silasi chini katika chumba cha mashine, juu ya sakafu palipokuwa na injini, akaiwekea spana isipeperuke. Akafunga kwa kufuli. Alisema hakujua afanye nini kingine. Kesho yake saa mbili asubuhi tulifungua pamoja, yeye, mimi na Penina. Spana ilikuwa imetundikwa ukutani mahali pake. Nakala ilikuwa imesainiwa. Penina ameitambua sahihi ya mumewe.

Sehemu ya maelezo ya mpokeaji ina maneno mawili: "Mbadala lini?"

Nakala hiyo ilitumwa makao makuu kwa posta tarehe 24 Agosti 1978. Haijajibiwa.